Mama Shii na Mtoto wa Siku Tisa

Mtu yeyote aliyezaa katika mtaa ule alimjua Mama Shii. Alikuwa mpiga picha wa vichanga, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, begi la kamera begani, mkono mwepesi kama wa mkunga. Jina hilo alilipata kwa ule mlio wake: shiii, shiii, mdomo karibu na sikio, kiganja tumboni, na hata mtoto awe mkorofi vipi, dakika tano hana habari. Kichanga hupigwa picha akiwa amelala, ndivyo kazi ilivyo. Aliyelala unamkunja mikono utakavyo na anakaa hivyo hivyo. Aliye macho anakutapikia, akikuonea huruma sana anakukojolea. Mama Shii alishalaza watoto zaidi ya elfu, na alijisifia jambo hilo bila haya hata kidogo.

Basi asubuhi hiyo alifunguliwa mlango na bibi wa mtoto, yule yule aliyempigia simu jana yake. Bibi alikuwa na haraka ya ajabu. "Mtoto yuko chumbani, mwanangu. Mama yake anaoga. Mimi naangalia maji jikoni," akasema, akatoweka kabla salamu hazijaisha.

Chumba kilikuwa kizuri kwa kazi: dirisha kubwa, pazia jeupe, kitanda chenye shuka la maua lililopigwa pasi. Katikati ya kitanda alilala mtoto wa siku tisa, mdogo mno, kichwa juu ya mto, amefungwa kwenye blanketi la njano. Alikuwa macho. Mama Shii akasogeza pazia, akaangalia mwanga ulivyomwangukia usoni, akaridhika. Kisha akafanya alichozoea kufanya. Kiganja tumboni. Shiii, shiii. Lala, baba, tufanye kazi. Hata dakika haikufika, mtoto akafumba macho. "Huyu mwepesi huyu," akajisemea, akatoa kamera.

Alikuwa ameshapiga picha nne mama mtu alipotokea mlangoni, nywele mbichi, gauni jipya limemkaa upande. Binti mdogo tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wala usihangaike, nimeshamlaza."

Binti akasimama pale pale. "Umemlaza? Kwani alikuwa macho?"

"Macho makavu! Lakini kwangu wote wanasalimu amri." Mama Shii akacheka.

Alicheka peke yake. Binti alikaa chini sakafuni. Bibi akaja mbio kutoka jikoni, na ndipo maneno yakatoka, vipande vipande, bila kumtazama mgeni usoni. Moyo wa mtoto haukuumbika sawasawa. Hospitalini walimweka chumba cha peke yake siku zote hizo, mipira puani, kitambaa machoni kumkinga na taa, na juzi daktari akawaita, akawaambia wampeleke nyumbani wakakae naye. Hakusema zaidi, nao hawakuwa na nguvu ya kuuliza. Baba yake yuko njiani, anatoka kazini mbali, safari ya siku mbili. Atafika kesho mchana, akiwahi. Tangu waje naye nyumbani alikuwa amelala tu, na mama mtu, siku tisa nzima, hajawahi kumwona mwanawe akifumbua macho.

"Nilitaka picha moja tu," binti akasema. "Akiwa macho. Nimwonyeshe baba yake."

"Bibi, mbona hukuniambia kwenye simu?" Mama Shii akauliza.

"Ningekuambia, ungekuja?"

Mama Shii akainamia kamera yake, maana pengine asingekuja.

Haya, mwamshe sasa! Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mwanamke yule, na ubingwa wake wote, hakujua kumwamsha mtoto. Hakuwahi kuhitaji. Alifungua blanketi, akamsugua nyayo, akampangusa uso kwa pamba yenye maji. Akapiga makofi, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu kama mwehu. Bibi naye akainama. "Amka, mume wangu, usinitie aibu mbele ya wageni." Binti akaita kila jina la mapenzi alilolijua. Mtoto alikunja uso kidogo, akaendelea kulala. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka, na wote watatu walijikuta wakikihesabu bila kuambiana.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mwanga ukahama kitandani. Mama Shii alipiga magoti, kamera jichoni, kidole kwenye kitufe, mpaka shingo ikakakamaa, akingoja ukope mmoja tu usogee. Alimwomba Mungu. Alimwomba na mtoto mwenyewe, kwa kunong'ona, amsamehe. Laiti angechelewa kufika! Laiti siku hiyo mkono wake ungekuwa mzito, mtoto akamlilia na kumkataa! Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuuma kuliko karipio lolote.

Saa tisa alasiri binti akamgusa bega. "Basi, mama. Acha. Anachoka."

Akashusha kamera.

"Wewe ndiye uliyemwona," binti akasema. "Peke yako. Macho yake yalikuwaje?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: mazuri, kama yako, alikuwa anakutafuta. Angeusema, nani angemsuta? Lakini binti alikuwa ameegemea mbele, anangoja kila neno, na Mama Shii akashindwa. Kweli ni kwamba hakuyatazama macho yale. Alitazama mwanga.

"Mwanangu, sikutazama vizuri," akasema, machozi yakamtoka. "Niliona dirisha tu. Dirisha lilikuwa ndani ya macho yake, dogo, zima, na pazia lake. Hilo tu ndilo nililoliona."

Binti akageuka kulitazama lile dirisha: kioo chenye ufa kwenye kona, pazia jeupe, kamba ya nguo za jirani nje. Alilitazama muda mrefu.

"Basi lipige hilo," akasema. "Baba yake nitamwonyesha alichokiona mwanawe."

Mama Shii alitaka kusema kwamba mwanga umeshageuka, saa hizi halitatoka vizuri. Badala yake akachukua kamera. Binti akamnyanyua mtoto, akamlaza kifuani, akasogea pembeni. Bibi akashika pazia, akalirudisha pale lilipokuwa asubuhi. Mama Shii akaiweka kamera juu ya mto, kwenye kishimo kidogo kilichoachwa na kichwa cha mtoto, akalipiga dirisha mara moja tu.