Moshi Kwenye Kakao ya Kibua

Tulifika Bihambwe saa nne asubuhi, lori likiwa limejaa tope hadi kwenye vioo na mimi nikiwa nimejaa hasira hadi kooni. Siku tatu kutoka Kibua nilikuwa nikigombana tu. Niligombana na dereva aliyetaka kupakia abiria juu ya magunia, nikagombana na watu wa bariere, wale wanaofunga barabara kwa kamba, waliotaka kuyachoma visu waone kilichomo. Wifi yangu Falone peke yake ndiye aliyeninyima ugomvi, maana tangu tuondoke hakufungua mdomo. Nikamwambia kama ni mimba aseme, tujue mapema. Hakucheka.

Tulibeba magunia thelathini na sita ya kakao, jasho la wanawake ishirini na wawili, mimi nikiwa kiongozi wao. Miaka yote wachuuzi walikuja kwetu na pikipiki, wakanunua kakao mbichi, ikaenda ng'ambo ikiitwa ya watu wengine. Safari hii jina KIBUA liliandikwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa kila gunia, na kila mwanamke alishona mdomo wa gunia lake kwa uzi wa rangi aliyoichagua. Wangu ulikuwa wa buluu. Nilikuwa na magunia matatu.

Magunia hayo matatu yalikuwa yamebeba shamba langu zima, na si kwa uzito. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, na ardhi ni ya ukoo wake. Mkuu wa ukoo ni shemeji yangu Bienvenu. Kakao yangu imeota chini ya mivule minane ambayo mume wangu hakutaka iguswe, na mnunuzi mmoja wa mbao kutoka Goma alikuwa anaitamani mivule hiyo kama fisi anavyotamani mfupa. Mbao zinavuka mpaka kwenda nchi za mashariki kila wiki. Na mvule ukiangushwa hauangukii hewani, unaiangukia kakao iliyo chini yake. Basi Bienvenu akasimama mbele ya ukoo akasema: shamba ambalo kakao yake itanunuliwa iende ng'ambo msimu huu, miti itabaki. Shamba ambalo kakao yake itarudi, ataingiza msumeno. Bienvenu si mtu mbaya. Ni mtu wa neno moja, na hao ndio wagumu zaidi.

Mkaguzi wa kampuni inayonunua kakao, Papa Édouard, alikuwa anatoka Goma na angefika saa saba. Ndiye aliyekuja Kibua kutufundisha: chachusha siku sita ndani ya majani ya migomba, kausha juani, mvua ikija funika, wala usithubutu kuipeleka jikoni. Kakao iliyokaushwa juu ya moto inabeba moshi hadi ndani ya chokoleti, na hakuna fundi wa kuutoa. Samaki mmoja akioza, huoza wote: gunia moja likikutwa na moshi, shehena nzima inarudi. Mimi ndiye niliyepita nyumba hadi nyumba nikichungulia majiko ya wenzangu. Waliniita polisi wa moshi, nami nililipenda jina hilo.

Tulikuwa tunashusha magunia kwenye depo pale kando ya barabara, yakaguliwe kabla ya kuendelea Goma, alipokuja mama mmoja wa makamo, kikapu kichwani. Alijitambulisha kuwa Nyiramahoro, mwenye ng'ombe kule mlimani, na alitaka lori limpeleke Goma na jibini zake.

"Mama, mbona kamio itaendelea mupaka Goma. Nipatie fasi kidogo tu. Fromaji iko munane, haina kilo."

"Haiwezekani, dada," nikamjibu. "Kakao inakunywaka harufu. Unataka batu ya Ulaya bakule chokola yenye kunuka ng'ombe?"

Dereva alicheka. Mama yule hakucheka. Kati yetu watu wa msitu na wao wafugaji kuna maneno mengi ambayo watu huyaacha nyumbani, na mimi nilikuwa nimelitoa moja hadharani. Aliweka kikapu chini taratibu, akayasogelea magunia, akainama kama mtu anayenusa kibuyu kabla ya kukamulia.

"Fromaji yangu njo itaharibu kakao yako?" akasema. "Hii yako iko na moshi tayari."

Damu ilinipanda. Nikaliendea gunia alilolinusa ili nimjue mwenyewe, nimwadhibu kabisa. Uzi ulikuwa wa buluu.

Nikamwambia ana kisirani kwa sababu nimemnyima nafasi. Hakubishana. Alisema tu nimfunge macho. Nikamfunga kwa kitenge changu mwenyewe, nikakibana vizuri, kisha nikamwambia dereva ayachanganye magunia kumi na mawili, yangu matatu yakiwemo. Nyiramahoro alipita akiyagusa moja moja, anainama, anavuta pumzi, anaendelea.

"Hii," akasema. Akasonga. "Na hii." Akafika mwisho, akarudi nyuma hatua mbili. "Na hii."

Buluu, buluu, buluu.

Nikaufumua uzi wa moja, nikazika uso ndani. Nilisikia kakao tu. Dereva naye akanusa, naye ni mtu wa Kibua, akasema kakao tu. Ndipo nikaanza kuogopa, maana nilielewa. Sisi tumezaliwa ndani ya moshi. Nyama yetu, mbegu zetu, paa zetu, hata nywele zetu zina moshi. Tungeusikiaje?

"Miye nafanyaka maziwa tangu utoto," Nyiramahoro alisema akifungua kitambaa. "Chombo ya maziwa tunaifukizaka na majani. Ukikosea majani, maziwa inakusema. Lakini hii haiko moshi ya majani, Mama. Hii iko moshi ya fasi banakaushaka nyama."

Falone aliketi chini kwenye tope na kitenge chake kizuri.

"Ni Mama," akasema. "Ile wiki ulikuwa Walikale kutafuta makaratasi, mvua ilikatala kuisha. Kakao yako ilianza kuota ukungu. Mama akasema mutoto wangu atapoteza shamba. Akaipandisha yote kwa uchaga, juu ya moto. Akanikataza kukuambia, ati utamugombeza."

Mama mkwe wangu, Joséphine-Marie. Uchaga wake wa jikoni ndio unaohifadhi kila kitu chenye thamani katika nyumba ile: mahindi ya mbegu, maharagwe, nyama ya porini wanayoleta wanawe. Kitu unachokipenda, kwetu, unakiweka juu ya moto. Niliporudi kutoka Walikale nilikuta magunia yameshonwa, uzi wangu wa buluu umenyooka, nikamsifu. Polisi wa moshi. Nyani haoni kundule.

Saa ilikuwa sita na nusu. Papa Édouard hanusi magunia yote, anachagua kumi. Matatu kati ya thelathini na sita, nikajiambia, yanaweza kupita. Nikamwamuru dereva ayaweke yangu chini kabisa, nyuma, na ya wenzangu juu yake. Sikumtazama Falone. Nilimtazama Nyiramahoro, naye akanitangulia.

"Sitasema kitu," akasema. "Haiko kakao yangu."

Akaenda kukaa kwenye kibaraza na kikapu chake. Ni afadhali angenitukana.

Papa Édouard alifika na kijisu chake na ubao wake mdogo. Alianza na la juu. Anachota konzi, anapasua punje moja moja, anatazama ndani, ananusa, anaandika. Gunia la pili. La tatu. Mikono yangu niliificha ndani ya kitenge. La saba likatoka nyuma. La nane. La tisa lilikuwa limekaa mgongoni mwa langu, na alipolivuta niliuona uzi wa buluu ukichungulia. Alilinusa mara mbili. Kisha akaandika. La kumi alilichukua mbele, karibu na mlango.

"Iko muzuri," akasema, akafunga kisu. "Muzuri sana, Mama Généreuse. Shehena imepita."

Nilitaka kupiga magoti. Akatandaza karatasi juu ya gunia, akanipa kalamu, akanionyesha pa kuweka sahihi. Huku akitafuta muhuri wake alikuwa anaongea tu, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Munajua, sasa haitachanganywa na ya wengine. Itafika kule na jina yenu. Mutu akiipenda, atauliza Kibua. Asipoipenda, atauliza Kibua vilevile."

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Nasema kweli, nilitaka kusaini. Niliiona mivule yangu, yote minane, nikaiona kama watoto waliopangwa mstari. Wanawake ishirini na mmoja sikutaka kuwaona kabisa, lakini walikuja tu, kila mmoja na jiko lake nililolichungulia, kila mmoja na turubai lake alilolikimbiza kila mvua iliponyesha kwa sababu mimi nilimwambia akimbie.

"Papa Édouard, ngoja."

Nilisema nikitazama chini. Nikasema ni magunia mangapi, ni ya nani, na yamewekwa wapi. Yakavutwa. Alinusa la kwanza, na uso wake ukabadilika pale pale, maana yeye amekulia mjini na pua yake haina deni na jiko la mtu.

"Ulijua?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Ulijua na uliniacha nikapasua punje saa nzima?"

"Nilijua."

"Basi na zingine nitajuaje? Shehena yote irudi Kibua."

Falone alianza kulia kwa sauti. Mimi sikuwa na machozi. Nilinyoosha kidole kuelekea kibarazani, kwa yule mama niliyemtukana asubuhi, nikasema huyu ndiye aliyejua kabla yetu sote. Ayanuse yote. Akisema hapana hata kwa moja, tutapakia turudi.

Nyiramahoro hakuwa na sababu yoyote ya kunyanyuka. Alinyanyuka. Alipita magunia thelathini na matatu bila haraka, na mimi nikamfuata nyuma nikihesabu pumzi zake. Kwenye gunia moja la uzi mwekundu alisimama. Akainama tena. Akaligeuza, akanusa upande wa pili, na muda wote huo mimi nilikuwa nimekufa nimesimama.

"Hapana," akasema mwishowe. "Hii iko jasho ya mutu tu."

Yalipita yote thelathini na matatu. Papa Édouard aliandika karatasi mpya yenye majina ya wenye magunia hayo, wanawake ishirini na mmoja, nikasaini; yangu matatu yakaachwa depo. Nilipogeuka nimshukuru Nyiramahoro, alikuwa ameshapanda pikipiki na kikapu chake magotini, anaelekea Goma. Sijamwona tena hadi leo.

Tulirudi Kibua siku ya tano baada ya ukaguzi. Wanawake walituimbia njiani, wakanivika majani shingoni. Bienvenu alisubiri nyimbo ziishe, akaichukua karatasi, akaisoma yote kuanzia juu hadi chini, kwa sababu yeye husoma kila kitu.

"Kwa benye magunia sioni jina yako, shemeji."

"Haimo."

Akaikunja, akanirudishia. "Benye musumeno batakuja siku ya kwanza," akasema, na kwa kweli alionekana kuumia. Lakini alisema.

Mama Joséphine-Marie alikuwa jikoni. Njia nzima kutoka Bihambwe nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, makali, nimeyanoa kama panga. Nilipoingia akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, kope zimeshikana. Mtu anayekaa mchana na usiku karibu na moto wa kuni mbichi hutoka na macho kama hayo, na hayaponi upesi.

"Zako zilifika vizuri, mutoto wangu?"

Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

"Zilifika, Mama."

Alifurahi, jamani. Alinishika mikono akacheka peke yake. Akaniambia nisikasirike, kuna siri alinifichia, lakini sasa haina ubaya. Akaniambia yote niliyokwisha kuyajua. Mwaka ujao, akasema, mvua ikisumbua, wanawake wote wamletee kakao, uchaga wake ni mpana. Falone alitoka nje. Mimi nilikaa, nikala viazi alivyonipa.

Siku ya kwanza ya juma niliamka mapema kuchuma matunda ya kakao yaliyoiva kabla wenye msumeno hawajafika. Nilikuwa bado nachuma walipofika. Waliuzunguka mvule wa kwanza, wakautazama juu, wakawasha. Sauti ya mashine ile huko kwetu inafika kila nyumba.

Mama Joséphine-Marie alikuja mbio kwa namna anayoweza yeye, akipapasa njia kwa fimbo, kitenge hakijafungwa vizuri. Akasimama kati ya mikakao yangu, akageuza sikio kuelekea kwenye msumeno, kisha akanigeukia mimi na yale macho yake.

"Généreuse, banakata miti sababu ya nini? Kakao yako si ilifika?"