Chombo cha Maua Ukweni

Chombo changu cha maua ni cha udongo mweupe, kipana na kifupi, hakina shingo, na kitakoni kimeandikwa England. Nilipewa na Bibi Lucia, Mwingereza mzee aliyenifundisha kupanga maua ya kanisa tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Siku ya kurudi Burundi nilikifunga ndani ya kitenge, sufuria nikaziacha. Walionicheka wacheke tu.

Dorotea, mwanangu wa pekee, alipoolewa Gitega, nilikipakata njia nzima kutoka kwetu Gasorwe. Wakwe zetu ni wafanyabiashara waliotoka Bukavu, Kongo, na walikuwa wamegharamia kila kitu, hadi maua ya plastiki. Mimi mkulima nilikuwa na hicho kimoja cha kumwekea mwanangu mezani, na nilitaka kionekane.

Nikakitia maji, nikakiweka mbele ya viti vya maharusi, nikatoka kukata maua uani. Niliporudi na maua mkononi, wageni walikuwa wananawishwa kabla ya kula. Msichana mmoja alimimina maji kwa birika, na chini yake amekinga chombo changu, kimejaa maji machafu yenye povu. Nikampokonya.

Apolline, mama wa bwana arusi, akanifuata mbio.

"Pole, Mama Doro. Ilikuwa na maji, tena haina shingo. Mi nilimuuliza Dorotea, akasema iko ya kunawia."

Dorotea, ambaye tangu utoto alikiona altareni kila Jumapili. Nilimtazama kule mbele katika shela lake, naye akainamisha macho. Nikaelewa kwamba alinionea aibu, na iliniuma kuliko yale maji machafu.

Mama mwingine angemezea. Mimi nilimwaga maji nje, nikakisuuza, nikapanga maua yangu shina kwa shina huku wali unapoa na watu wananikodolea macho. Kisha nikasogeza yale ya plastiki, nikakiweka mbele ya mwanangu.

"Waambie wakwe zako hiki ni cha nini."

"Mama, tafadhali. Baadaye."

"Sasa hivi."

Apolline akanishika mkono anikalishe. Nikautoa.

"Ni cha maua," Dorotea akasema, sauti ndogo.

"Cha nani?"

Machozi yalimtoka. Yangu pia yalinitoka, lakini sikusogea hata hatua moja mpaka aliposema, "Cha mama yangu."