Anayelala na Apua

Mwenye pikipiki alimshusha Apua kwenye mlango wa chumba cha dharura, hapa Kakuma. Alisema amemkuta kisimani nje ya mji, ameteleza na kuangukia mawe kwa tumbo. Kisha akaondoka. Hakuna mtu mwingine aliyekuja. Ni mbwa tu, wa rangi ya vumbi, aliyefika nyuma ya pikipiki na kujilaza langoni akihema.

Jebet, afisa wa kliniki, alikuwa zamu na muuguzi mmoja, Lomenen. Tumbo la mgonjwa lilikuwa limefura chini ya mbavu za kulia. Moyo ulikwenda mbio na shinikizo la damu lilikuwa chini mno. Jebet aliamua kwamba ini limepasuka na damu inavujia ndani. Alimwekea dripu na oksijeni, akaagiza damu, akampigia simu daktari wa upasuaji wa Lodwar.

Uamuzi huo ulikuwa na kasoro moja: Apua alikuwa akijikuna.

Jebet alifunua shuka. Mapaja yalikuwa na mabaka yaliyovimba. Midomo ilianza kujaa, na pumzi ilitoka kwa mluzi. Damu inayovuja haiwashi ngozi. Huu ulikuwa mzio mkali, na dawa yake ni adrenalini. Lakini adrenalini huusukuma moyo, na huyu alikuwa mwanamke mzee ambaye huenda alikuwa akipoteza damu. Jebet alishika sindano, akasita.

Lomenen alimhoji mgonjwa kwa Kiturkana. Hakuwa amekula kitu, hakuwa amemeza dawa, hakuwa ameumwa na nyoka. Jebet akataka kujua anaishi na nani, ili apatikane wa kutia sahihi ya upasuaji. Apua alijibu kwa neno moja. Lomenen akatabasamu.

"Jamaa yake yuko pale langoni, daktari. Ila hajui kusaini."

"Mbwa?"

"Tangu mumewe afe. Wanakula sufuria moja, wanalala ngozi moja."

Jebet alimdunga sindano pajani papo hapo.

Mbwa hula maini na mapafu ya mbuzi wagonjwa, akapata mnyoo. Mayai ya mnyoo humfikia binadamu kupitia manyoya na ulimi wa mbwa. Ndani ya ini hukua mfuko wa maji, kimya, kwa miaka. Mfuko wa Apua ulikuwa umepasuka juu ya mawe yale, na mwili wake ulikuwa ukiyakataa maji hayo. Jebet aliinua miguu ya mgonjwa, akaongeza maji ya dripu, akarudia sindano. Mluzi ulipungua. Skeni ilionyesha mfuko uliosinyaa ndani ya ini. Alimpigia tena daktari wa Lodwar ili asifungue tumbo akitafuta damu tu.

Alasiri ambulensi ilikuwa tayari. Jebet alimweleza Apua yote, Lomenen akifasiri: upasuaji, dawa ya minyoo kwa mbwa, sabuni baada ya kumshika, na kwamba asilale naye tena.

Apua alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi nitalala na nani?"

Lomenen alifasiri polepole na hakufanya mzaha. Chumba cha kupanga cha Jebet kilikuwa na kitanda kimoja, na simu ambayo watu wa nyumbani kwao Bomet waliipigia Jumapili tu.

Apua alikataa kupanda ambulensi. Mbwa huyo, alisema, akiachwa langoni atapigwa mawe.

"Mwambie nitakaa naye mimi," Jebet alisema. "Mpaka arudi."

Apua akasema, "Ejok," yaani ni vyema, akakubali kubebwa.

Jioni Jebet alimfunga mbwa kamba karibu na mlango wake. Alimpa dawa ya minyoo ndani ya kipande cha nyama na maji katika bakuli la mbwa peke yake, kisha akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Mbwa alitazama upande wa barabara ya Lodwar, akalia kidogo, akanyamaza.

Mbwa asilale ndani: kanuni ilikuwa ya Jebet mwenyewe, naye aliishika. Akatoa kiti, akaketi nje kando ya mbwa.