Jina Lake Mlangoni kwa Fundi Viatu

Mchora mabango alikuwa na umri wa kustaafu, ila mkono wake haukutaka kuisikia habari hiyo. Asubuhi ile alisimama juu ya ngazi akipaka neno SANA mbele ya duka jipya la vitabu. Alianzia herufi ya mwisho akirudi nyuma, kwa kuwa ni mtu wa shoto na hakupenda kiwiko kiparaze rangi mbichi.

"Sana nini, mama?" alimuuliza mwenye duka, mwanamke mgeni aliyekijua Kiswahili kuliko wenyeji wengi. "Ghali sana? Mbona bango linaishia njiani?"

"Kwa Kifini, mzee wangu, sana ni 'neno'."

"Acha wewe!" alidakia kinyozi wa jirani, wembe mkononi. "Nilinyoa Waturuki miaka mingi. Kwao sana ni 'kwako'."

"Na kwa Kihispania ni mwanamke mwenye afya," akasema mwenye duka.

Mchoraji akashuka ngazi mbio mbio. "Basi asili yao moja! Herufi zile zile, haiwezekani zisiwe na babu mmoja."

Hakuwa akiwaza bango. Mwezi uliopita fundi viatu mgeni alifungua kibanda mtaa wa nyuma, na mlangoni ameandika jina la ukoo la mchoraji, herufi kwa herufi. Mchoraji alilelewa kituo cha yatima. Tangu azaliwe hajakutana na mwingine mwenye jina hilo. Kila siku alipita pale, akasalimu kwa mbali, akaogopa kuuliza.

"Hapana, mzee," mwenye duka alisema taratibu. "Kila moja limetoka kwao. Yamekutana sura tu."

"Yote? Hakuna hata mawili yenye undugu?"

"Hakuna."

Mchoraji akaondoka kuelekea mtaa wa nyuma na brashi inayodondoka rangi. Nyuma yake bango lilisomeka ANA.

"Ana nini?" akauliza mpita njia.

"Ana wazimu!" kinyozi akajibu.

Kibandani, fundi viatu alikuwa na misumari midomoni. Mchoraji hakuzungusha maneno.

"Ndugu yangu, hilo jina mlangoni umelipata wapi?"

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Baba alipewa machimboni. Karani alishindwa kulitamka la kwetu, akamwandikia analolijua yeye. Kwani vipi?"

"Ni langu pia. Nilipewa na mpishi wa kituo. Lilikuwa la marehemu mumewe."

"Alitokea wapi huyo mume?"

"Ng'ambo ya bahari, kwa meli. Hakuwahi kukanyaga machimbo."

Fundi alimtazama mzee, akaona mabega yalivyomshuka.

"Basi damu hatuna," alisema. "Wajina tu."

"Wajina tu," mchoraji akaitikia, akageuka kuondoka.

"Wajina wangu, mbona mbio? Nina watoto watatu hapa mjini, hawana hata baba mkubwa wa kuwakemea. Nafasi iko wazi."

Mchoraji alikohoa. Akasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi kwamba atalifikiria. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akataka atajiwe watoto mmoja mmoja: huyu anaitwa nani, na jina hilo alipewa na nani, na huyo aliyempa alilitoa wapi.