Bao la Thornbeck

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kiwanda cha pamba kilipofungwa mchana, Jabez Ormerod alitia leso nyeupe mfukoni akaenda kwenye uwanja wa mpira wa Thornbeck, ingawa alijua fika kwamba hakuna mechi.

Miaka yote Harrowclough, timu ya mji wa jirani, walikuja kucheza siku hiyo. Walichelewa, mara nyingine wakaja pungufu wakaazima wachezaji, na hakuna aliyenuna. Enzi hizo kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Jabez alikuwa wa Thornbeck, Enoch Tattersall wa Harrowclough. Basi mwaka mmoja mpira ukapita ukikwaruza mlingoti wa goli, na nyavu hazikuwepo. Jabez akapunga leso, bao. Enoch akasema mpira umetoka nje. Tangu hapo walibishana uwanjani, wakabishana baa wakila pai ya nyama, mpaka marehemu mke wa Jabez akawa anawaita mapacha.

Sasa Harrowclough walikuwa wamechaguliwa kuingia kwenye hiyo Ligi mpya ya timu kubwa. Walikuwa na wachezaji wa kulipwa kutoka Uskoti na ratiba ya kuchapishwa, na Thornbeck haikuwa na nafasi humo. Jabez aliichukia Ligi waziwazi, kama mgeni aliyemkalia kiti chake. Na baa bila Enoch angeenda kufanya nini?

Alikuwa ameegemea mlingoti alipomwona Enoch akikwea ukuta wa mawe, peke yake, akihema.

"Si mna mechi leo?"

"Wanayo wao. Wamejipatia mwamuzi kijana." Enoch alivua kofia. "Jabez, nisije nikafa nalo. Lile bao liliingia. Nililiona."

Jabez alifurahi mpaka akataka kucheka. Neno hilo alikuwa amelingoja miaka na miaka. Kisha furaha ikamwishia ghafla, maana wakishakubaliana, Enoch atarudi Thornbeck kufuata nini? Alizitazama nyasi ambazo hakuna aliyezikata.

"Acha uongo wako, mzee," alisema. "Mpira ulitoka nje."

"Ulitoka nje? Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Nje kabisa. Kama unabisha, njoo tena mwakani."

Enoch alimkodolea macho, halafu akajipangusa uso kwa leso, taratibu zaidi kuliko jasho lilivyohitaji.

"Nitakuja," alisema. "Maana wewe hujawahi kuona vizuri."

Wakateremka kwenda kula pai, na kabla hawajafika barabarani Enoch alikuwa ameshaanza kuapa kwamba lile lilikuwa bao.