Karibu, Wacuka

Maduka ya Kinyanjui yalianza na kibanda kimoja cha kutengeneza redio hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Leo yako mpaka Kajiado, na tumbo la bosi limekua nayo, lakini desturi moja haijabadilika: mteja hatoki na kitu kabla ya kuwashiwa akione kwa macho yake. Makena, muuzaji, alijivunia desturi hiyo. Watu walikuja wakimuulizia kwa jina, na akisema kitu ni kipya, basi kwao kilikuwa kipya.

Jumamosi alikuja mzee Parmuat kutoka Kajiado. Desemba alikuwa amemnunulia mkewe TV hapo kwa Makena. Mama wa watu alivunjika nyonga na hatoki kitandani. Sasa mzee alitaka nyingine ya kanisa.

"Nipatie kama ile," alisema. "Haijanisumbua."

Makena akafungua boksi, akachomeka waya. Kioo kikawaka. Badala ya kuuliza lugha kama TV mpya, kikaandika: Karibu, Wacuka.

Makena akalisoma tena. Wacuka ni binti yake. Jina hilo aliliweka mwenyewe sebuleni kwake, kwenye TV iliyotoa moshi mtoto akitazama katuni. Aliirudisha dukani, na Kinyanjui akamwambia imepelekwa kuvunjwa. Kuvunjwa gani, na hii hapa ndani ya boksi jipya?

"Futa tu hilo jina, mama," Kinyanjui alisema nyuma yake, haraka mno.

Makena hakufuta. "Mzee, hii si mpya. Ilikuwa yangu, na ilitaka kunichomea nyumba."

Parmuat alikisogelea kioo, akasoma.

"Lakini hata ile ya Desemba huandika hivyo," akasema polepole. "Karibu, Gideon. Nilidhani Gideon ndiye mwenye kampuni."

Makena akaikumbuka siku aliyomuuzia. Siku ile duka lilijaa, mzee akamwambia asihangaike kuwasha, neno lake linatosha, naye akakubali.

"Mpigie Leshan," Makena alisema. Leshan ni kijana wa mzee, ndiye anayemwangalia mama. "Mwambie aichomoe sasa hivi."

Mzee akapiga, akaweka spika, akauliza TV iko namna gani.

"Iko tu sawa, baba," Leshan akajibu. "Siku hizi hata inatoa joto. Tumeisongeza kwa kitanda, mama asisikie baridi."