Kikaratasi cha Mia Mbili Kumi na Nne

Kilonzo wa boila alikuwa na hakika kwamba blanketi lile ni lake. Sista Hayat, nesi wa kiwanda cha mananasi, alikuwa ametundika sanduku kwenye mlango wa kantini na kutangaza kwamba mwenye wazo jipya la kuzuia ukimwi, au hata kuuponya, aliandike bila jina na kulitumbukiza humo. Mwenye wazo bora angejitokeza mwenyewe akipenda, achukue blanketi zito la kitanda kikubwa.

Kilonzo hakuona haja ya siri. "Nanasi ikiwa kwa mkebe tunaipiga mvuke, hakuna kijidudu inatoka hai," aliwaambia watu kwenye foleni ya chai. "Sasa mtu ni nini mbele ya nanasi?"

Nekoye alicheka na wenzake, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Alikuwa mpakiaji wa vipande vya nanasi mwaka wa sita sasa, na mumewe, Calvince, aliendesha trekta katika shamba la kahawa huko Ruiru. Alikuja nyumbani Makongeni kila Jumamosi, akarudi Jumapili jioni. Katikati hapo siku ni nyingi, na Ruiru haina uhaba wa baa. Mwaka ule wa 1996 walikuwa wamezika majirani watatu wa ploti yao, na wote watatu eti waliuawa na malaria. Nekoye aliogopa, tena sana. Lakini kumwambia mume "twende tupimwe" ni kama kumwita mzinzi mezani pake. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaishia kumuuliza kama ugali umetosha.

Basi akaandika: "Sisi hatuingii kazini bila kadi ya afya. Gachanja anatusimamisha getini hata kama anatujua miaka kumi. Mbona mume akitoka Ruiru anapita mlangoni bila kadi? Apimwe. Bibi naye apimwe. Mpaka majibu yatoke, mpira utumike." Akatia bahasha.

Hapo ndipo mkono ulipomponza. Kila mpakiaji huwa na vikaratasi vya namba yake katika mfuko wa aproni, na trei haiondoki mezani bila kimoja, ili nanasi bovu likionekana huko mbele, aliyelipakia ajulikane na kulijibia. Miaka sita mkono wa Nekoye umejua hayo tu: jaza, weka namba, sukuma. Ukajaza bahasha, ukaweka namba, ukasukuma sandukuni. Mwenyewe hakuwa na habari.

Mawazo yalisomwa Jumamosi, wake na waume wakaalikwa. Calvince alikaa kando ya Nekoye, shati limepigwa pasi, anakula andazi. Mtu mmoja alitaka baa zote zifungwe isipokuwa ya shemeji yake. Gachanja wa getini alitaka ruhusa ya kupekua watu wakitoka, si mifuko tu, hata nia. Wazo la mvuke liliposomwa, Kilonzo alisimama apokee makofi.

"Kijidudu kitakufa, Kilonzo," alisema Sista Hayat. "Na mgonjwa?"

Kilonzo akafikiri. "Huyo tutaangalia baadaye."

Bahasha ya Nekoye ikafuata. Sista alipofika kwenye "Ruiru", wanawake walipiga makofi mpaka meza zikatikisika, na Calvince akaacha kutafuna. Kikaratasi cha namba kikadondoka kutoka kwenye bahasha. Gachanja akakiokota na kukisoma kwa sauti ya getini. "Mia mbili kumi na nne! Ngai, si hii ni ya Nekoye?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nekoye alitamani ardhi ipasuke immeze. Calvince akasimama, andazi bado mkononi.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Na hiyo Ruiru ni mimi." Akaliweka andazi mezani. "Hata mimi naogopa. Tangu tuzike Baba Farouk wa ploti yetu naogopa, nikingoja yeye aseme kwanza." Kisha akamgeukia mkewe. "Lakini Mama Dorine, si ungeniambia kwa nyumba? Mbele ya Kilonzo, kweli?"

Watu walicheka hadi machozi, na Nekoye alilia ya kwake humo humo. Alipewa blanketi. Kilonzo alikuwa wa mwisho kupiga makofi.

Jumatatu walikuwa kwenye benchi la hospitali. Damu ingetolewa siku hiyo, majibu baada ya wiki mbili, na mpaka hapo blanketi lingebaki nyumbani juu ya kabati, ndani ya nailoni yake. Calvince aliitwa kwanza.

Nekoye alipapasa mfukoni, akatoa kikaratasi cha namba yake, akakitia katika mfuko wa shati la mumewe.

"Ya nini sasa?"

"Wakikuta kitu," alisema, "wajue nani wa kukujibia."

Calvince alikishika pale kifuani, akaingia.